Nyumba ya Mama Ndani ya Kompyuta

Mvua za mwaka ule ziliupasua ukuta wa chumba cha mama kule Isansa, kuanzia kona ya dirisha mpaka chini. Ufa ulikuwa mpana kiasi kwamba siku moja kuku aliingiza kichwa, akachungulia, akaondoka zake. Mama alinisimulia hivyo kwa simu huku akicheka. Mimi, nikiwa ofisini Tunduma, nilishindwa kucheka. Nyumba ile baba aliijenga kwa tofali alizozichoma mwenyewe, kabla sijazaliwa, na baba hakuwepo tena wa kuukandika ukuta.

Kaka yangu, ambaye anafanya kazi Dodoma, akasema tujenge upya. Baada ya siku chache akatutumia ramani aliyopewa na rafiki yake: vyumba vinne vya kulala, viwili kati yake vina choo ndani, sebule ya kutosha mkutano wa kijiji, na mahali pa kuegesha gari. Mama hana hata baiskeli. Tulipomuuliza anaionaje, alijibu, "Mnavyoona ninyi, wanangu." Sisi tuliolelewa naye tunaijua kauli hiyo. Maana yake ni hapana.

Kazi yangu iko mpakani, kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Nashinda nikijaza nyaraka za mizigo ya malori yanayovuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na foleni ikichelewa kusogea, madereva wanakuja kunililia mimi kana kwamba geti nimelifunga kwa mkono wangu. Lakini chuoni nilisomea kompyuta, kwa hiyo nikamwambia kaka, "Ramani ya mama niachie. Nitaichora mwenyewe, nikae naye aseme anachotaka."

Nilipata programu ya bure ya kuchorea nyumba. Dirisha lake limegawanyika mara mbili. Sehemu ya juu unachora kuta, milango na madirisha, kama unavyoiona nyumba ukiwa angani. Sehemu ya chini nyumba hiyo hiyo inasimama yenyewe, na kuta zake na paa lake, unaweza kuizunguka na hata kuingia ndani. Imeandikwa kwa Java, lugha mojawapo ya kutengenezea programu, na hilo mwanzoni sikulitilia maanani.

Tatizo lilikuwa kompyuta yangu. Niliinunua ya mtumba kutoka kwa mtu aliyezileta toka Ulaya, na mwenyewe wa kwanza, popote alipo, alikuwa anaongea Kijerumani. Herufi Z ilikaa mahali pa Y. Programu ilipofunguka, ilinisalimia kwa Kijerumani kitupu. Nikabofya huku na huku kutafuta mahali pa kubadili lugha, lakini nitapajuaje wakati maelekezo yenyewe siyasomi? Na kila nilipogusa sehemu ya chini, ile ya nyumba iliyosimama, programu yote ilizimika.

Nikaanza kusoma mtandaoni. Nikajifunza kwamba programu za Java unaweza kuzipa maagizo wakati unaziwasha, kabla hazijafungua dirisha lolote. Hakuna kitufe. Unatengeneza faili dogo la maandishi lenye mstari wa kuiwasha programu, na ndani ya mstari huo unaandika kistari, herufi D kubwa, kisha jina la jambo unalolitaka, alama ya sawasawa, na jibu lake. Kwa lugha, agizo ni -Duser.language=en, maana yake fungua kwa Kiingereza. Nikaliandika mwishoni mwa mstari kwa adabu zote, nikawasha. Kijerumani. Nikazima, nikawasha tena. Kijerumani.

Haikulalamika, haikutoa kosa, ilininyamazia tu. Nilikuja kugundua kwamba kosa ni mahali. Agizo lazima litangulie jina la programu. Ukiliweka baada ya jina, Java hailiangalii tena. Ni kama kumwagiza mtu chumvi akiwa amekwisharudi kutoka dukani. Nikalisogeza mbele, na programu ikafunguka kwa Kiingereza. Nikaongeza agizo jingine la kuifunga ile sehemu ya chini iliyokuwa inanizimia kila kitu. Pakabaki uwanja mweusi nusu ya dirisha, lakini angalau nilichora kwa amani.

Ikawa ndio wakati mama anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho huko Mbeya. Daktari alimkataza kuinama, kubeba mizigo na kukaa kwenye moshi, na kwa mama hayo matatu ndiyo maisha. Nikamchukua akae kwangu Tunduma mpaka apone. Hakuupenda mji. Alisema malori yanaongea kuliko watu. Asubuhi alikaa mlangoni na jicho moja limefunikwa, akisikiliza wauza mboga wakisalimiana na Wazambia kwa Kibemba, na jioni nikirudi ananipa taarifa ya mtaa mzima kana kwamba amezaliwa pale.

"Unafanya nini kila jioni na hiyo mashine?" aliniuliza.

"Nachora nyumba yako, mama."

Akasogeza kiti. Akainamisha kichwa, akakumbuka amekatazwa kuinama, akakiinua. Akakunja uso.

"Hii ni nyumba au ni nyayo za sisimizi?"

Alikuwa na haki. Kioo cha kompyuta ile kilikuwa cha aina ya kuonyesha vitu vizuri lakini vidogo, na programu haikujua hilo. Hata mimi nilikuwa naisoma kwa kubana macho. Nikarudi kwenye faili langu, nikatafuta, nikapata agizo la kukuza: -Dsun.java2d.uiScale=2. Jina la ajabu, lakini kazi yake ni nyepesi: kila kitu dirishani, kuanzia maandishi mpaka vitufe, kinakuwa mara mbili. Mama alinitazama nikiandika.

"Unamwandikia nani?"

"Naiambia programu kwamba atakayetazama ni wewe."

"Mwambie pia Kiswahili."

Nikajaribu. Mahali pa "en" nikaweka "sw". Ikafunguka kwa Kiingereza vilevile, kwa sababu walioitengeneza hawakuitafsiri. Mama akasikitika kidogo, kama mtu aliyeambiwa mgeni wake hali ugali. Basi nikayaandika majina ya vyumba mwenyewe, hayo yanaruhusiwa: SEBULE, CHUMBA CHA MAMA, STOO, JIKO. Kwa herufi kubwa. Akayasoma moja moja, kidole kikifuata kioo, na alipofika la mwisho akasimama.

"Jiko liko ndani?"

"Nyumba za siku hizi zinakuwa hivyo."

"Na moshi utakuwa wa siku hizi pia?"

Tukalitoa jiko nje. Ndipo alipoomba kushika kipanya yeye mwenyewe. Nilimwonyesha jinsi ya kuukamata ukuta na kuuvuta. Alipotaka kwenda juu, aliinua kipanya hewani. Nilicheka mpaka nikaegemea mlango, naye akacheka kwa kunionea huruma, akasema, "Wewe ulipoanza kutembea ulikuwa unaanguka, na mimi sikucheka." Kisha akaongeza, "Nilicheka, lakini kidogo."

Toka siku ile nikirudi kazini nilimkuta ananisubiri. Ramani ya kaka ilikuwa imekufa kifo cha kimya. Mama alifuta mahali pa gari. Alifuta choo kimoja. Sebule akaipunguza, akisema sebule kubwa inawapa wageni uvivu wa kuondoka. Akaweka baraza pana, akalipanua tena. Sikumpinga hata mara moja, nilikuwa nafurahia kumwona mtu ambaye maisha yake yote alisema "mnavyoona ninyi" akisema "hapana, rudisha pale."

Jioni moja akaniambia ongeza chumba, hapa, kando ya changu, na mlango utazame mlango wangu.

"Cha wageni?"

"Andika, Chumba cha Wifi."

Wifi yake ni shangazi yangu, dada pekee wa baba. Baba alikuwa Mndali wa milima ya Ileje, akaja kijana Isansa kufanya kazi kwenye kahawa, akamwoa mama, Mnyiha, akabaki. Alipofariki, shangazi alitaka ndugu yake arudishwe Ileje azikwe alikozaliwa. Mama alikataa. Baba akazikwa Isansa, pembeni ya mibuni. Shangazi alirusha udongo kaburini, akageuka, na toka siku ile wale wawili walisalimiana kwenye misiba tu, tena kwa kutikisa vichwa. Shangazi alikuwa anaishi Isongole, peke yake, akiuza sukari na vitenge vinavyovuka kwenda na kurudi Malawi. Hakujaliwa mtoto.

"Mama," nilisema, "yeye anajua?"

"Atajuaje na wewe hujampigia?"

Nikapiga. Shangazi alipokea kwa furaha, kwa sababu mimi ananipenda, akauliza habari za malori. Nilipomwambia mama anataka kuongea naye, sauti yake ikapoa.

"Kama anataka kuongea, mdomo anao."

Nikampa mama simu na kuweka sauti ya nje. Wale wawili huongea Kiswahili wakiwa pamoja, kwa sababu mmoja hajui Kindali na mwingine hajui Kinyiha, na kila mmoja anakiimba kwa mahadhi ya kwao.

"Wifi," mama alisema.

Upande wa pili redio ikapunguzwa sauti.

"Wifi, ni mimi."

"Nakusikia."

"Watoto wananijengea nyumba. Nimekuwekea chumba."

Kisha shangazi akauliza, "Chumba cha nini?"

"Cha kulala. Ulidhani cha kuanikia kahawa?"

Shangazi akakohoa, kikohozi cha mtu anayetafuta pa kuificha sauti yake.

"Kina dirisha?"

"Njoo ukione," mama akasema, akanirudishia simu haraka, akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Alikuja Jumamosi ya wiki ile ile. Kutoka Isongole kuna lami siku hizi, kwa hiyo mchana alikuwa mlangoni kwangu na mfuko wa maharage na kitenge kipya. Wakasalimiana kwa kirefu, habari za nyumbani, habari za mashamba, habari za jicho. Hakuna aliyegusa habari ya zamani. Mama akamwandalia chakula kana kwamba nyumba ni yake, nami nikawa kama mgeni. Walipomaliza kula, shangazi akafuta mikono.

"Haya. Kiko wapi hicho chumba?"

Nikafungua kompyuta. Shangazi akatazama, akasogea, akasogea tena mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Macho yake yalikuwa mabovu kuliko ya mama. Nikaenda kwenye faili, ile mbili nikaifanya tatu. Maandishi yakawa makubwa kama ya kwenye lori, lakini vitufe vya pembeni vikatoka nje ya kioo. Mama akalalamika kwamba sasa haoni jiko lake. Shangazi akasema yeye ndiye mgeni. Nikaandika 2.5, nikawaweka mmoja mbele, mmoja nyuma, na amani ikarudi.

Nilimwonyesha chumba chake, mlango wake, dirisha lake.

"Dirisha limetazama wapi?"

"Barabarani," mama akasema. "Uone wapita njia."

"Wapita njia niliwaona Isongole maisha yangu yote." Akagusa kioo kwa kidole. "Mibuni iko upande gani?"

Mama alichukua kipanya mwenyewe, akalikamata lile dirisha, akalivuta taratibu kutoka ukuta wa mbele mpaka ukuta wa nyuma, upande wa mibuni, upande aliolala baba. Akaliachia. Likakaa.

"Hapo," akasema.

Shangazi alikaza macho pale kwa muda. "Hapo," akakubali. Akatoa leso, akasema vumbi la Tunduma limezidi.

Kisha akanyoosha kidole chini, kwenye ule uwanja mweusi. "Na hapa ni nini? Kisima?"

Nilieleza kwamba pale ndipo nyumba ingeonekana imesimama, lakini kompyuta yangu haiwezi, nimepafunga. Mama nilikuwa nimemwambia hapana umuhimu, naye akaniamini. Shangazi hakuniamini.

"Yaani mnaitazama nyumba kutoka juu kama mwewe? Mimi sitaishi juu ya paa, mwanangu."

Basi nikaona aibu. Wakati wao wanaongea, nikarudi mtandaoni. Nilikuta watu wengi wa nchi nyingi wenye kompyuta kuukuu kama yangu, na mmoja alikuwa ameeleza kwa uvumilivu mkubwa: tatizo ni njia ambayo programu inaitumia kuchora zile picha za kusimama, na kuna agizo la kuichagulia njia nyingine. Nikalifuta lile agizo la kufunga, nikaandika la kwake. Halikufanya kazi. Nikalisoma upya na kukuta nimeandika herufi moja kubwa mahali pa ndogo. Kwa Java hayo ni majina mawili tofauti. Nikarekebisha. Jioni ilikuwa imeshaanza kuingia, wao wamehamia barazani wakimenya njegere. Nikawasha bila matumaini.

Uwanja mweusi ukawa wa buluu kama anga. Chini ya anga, majani. Juu ya majani, nyumba.

"Mama! Shangazi! Njooni!"

Walikuja na mabakuli yao. Nyumba ilikuwa imesimama na kuta nyeupe, baraza pana, jiko nje. Nikaizungusha taratibu. Nikawaambia tunaweza pia kuingia, ukibonyeza mshale huu unatembea kama mtu. Nikamsogeza huyo mtu asiyeonekana mpaka barazani, mpaka mbele ya mlango, nikasimama.

Shangazi, bakuli la njegere mapajani, akasema kwa sauti ya kweli kabisa, "Hodi."

Nilidhani anatania. Nikamtazama. Hakuwa anatania.

Mama akaweka bakuli lake chini. "Karibu, wifi," akasema. "Karibu ndani."

Nikabonyeza mshale, tukaingia. Tukapita sebuleni. Tukafika kwenye milango miwili inayotazamana, nikaingia wa kulia, nikamgeuza yule mtu akaelekea dirishani. Nje kulikuwa na majani tu, programu haijui mibuni wala makaburi. Lakini shangazi alikuwa analia, na mama alikuwa amemshika mkono wenye maganda ya njegere, na mimi nikaendelea kutazama kioo kwa sababu sikujua pengine pa kutazama.

"Nilikuwa na hasira na wewe," shangazi akasema.

"Najua. Na mimi nilijua ungetaka kuwa karibu naye, nikakunyima."

Ni hayo tu waliyosema. Baadaye usiku wakaanza kubishana kama milango ipakwe rangi gani.

Kaka alipoona picha nilizomtumia, alipiga simu kuuliza mahali pa gari pamekwenda wapi. Nikampa mama aongee naye. Hakuuliza tena. Nilipunguza vipimo vya mchoro vitoshe kwenye karatasi, nikachapisha ramani ofisini, na fundi wa Isansa akaanza msingi mvua zilipokatika. Alifuata ramani vizuri isipokuwa baraza. Alisema hajawahi kuona baraza kubwa kuliko sebule, akalipunguza. Mama akalibomolesha. Mabati yalipandishwa kabla ya mvua nyingine. Shangazi alifunga kibanda chake cha Isongole, akagawa sukari iliyobaki kwa majirani, akahamia na godoro lake.

Sasa wanaishi pamoja. Wanagombana kila siku ya Mungu, juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya nani amwage majivu. Nikienda likizo nalala sebuleni, kwa maana katika kupanga kwao kote hakuna aliyekumbuka chumba cha binti. Nililisema hilo, mama akanijibu kwamba wageni wasiwe na uvivu wa kuondoka.

Wiki iliyopita shangazi alinipigia nikiwa kazini, geti limejaa malori. Wanataka banda la nguruwe. Wameshakubaliana ukubwa, hawajakubaliana mahali. Nikamwambia nitafungua ramani jioni. Kwa mbali nikamsikia mama akipaza sauti kutoka jikoni, "Mwambie asiliweke upande wa upepo!" na shangazi akimjibu, "Upepo unaujua wewe?"

Jioni nikafungua programu. Ilifunguka kwa maandishi makubwa, sikuwahi kuyarudisha madogo. Nikaweka simu mezani, sauti ya nje, nikaanza kuchora huku wakiendelea.